Karate: mkono mtupu ulitoka wapi, na unafaa nini palipo bunduki?

Kila Jumamosi asubuhi, ukipita karibu na uwanja wa shule hapa Bukavu, au mbele ya ukumbi wa parokia, utasikia watoto wakihesabu kwa sauti moja: ichi, ni, san, shi. Wengine wamevaa kimono zilizofuliwa mpaka zimepauka, wengine wana suruali za kawaida za michezo, na wote wako bila viatu. Ni karate. Mchezo huu umeingia katika mitaa yetu kiasi kwamba hakuna tena anayeshangaa kuona msichana wa miaka tisa akirusha ngumi hewani mbele ya mwalimu wake.

Lakini maswali hayakosekani. Tunapozungumzia michezo redioni, wasikilizaji hupiga simu. Wazazi huuliza kama mtoto atatoka mule akiwa mgomvi. Vijana huuliza jambo lingine, na hilo ndilo lililonisukuma kuandika: je, mtu akifika mkanda mweusi, anaweza kumnyang'anya bunduki jambazi aliyeingia nyumbani usiku? Kuna anayeuliza kwa utani. Kuna ambaye hatanii hata kidogo, kwa sababu huku kwetu Kivu kila mtu anamjua mtu aliyevunjiwa mlango usiku.

Jibu lipo, na lipo ndani ya historia ya karate yenyewe. Filamu hazitatusaidia.

Karibu kila mwanafunzi wa karate amesimuliwa hadithi hii. Zamani, katika kisiwa cha Okinawa, wakulima walinyang'anywa silaha zote na watawala wao. Samurai kutoka Japani wakawaonea. Basi wakulima wakajifunza kwa siri, usiku, kugeuza ngumi zao kuwa nyundo na vidole vyao kuwa mikuki, hata wakaweza kutoboa vazi la vita la samurai na kumwangusha kutoka juu ya farasi.

Ni hadithi tamu. Sisi Wakongomani tunaipenda haraka, maana tunajua ni nini mnyonge kukaliwa na mwenye silaha. Shida yake ni kwamba sehemu kubwa si ya kweli, na sehemu hiyo isiyo ya kweli ndiyo yenye hatari.

Tuanze na mahali penyewe. Okinawa ni kisiwa chembamba, chenye urefu wa kilomita zaidi kidogo ya 100, kusini mwa visiwa vikubwa vya Japani. Leo ni jimbo la Japani. Zamani hakikuwa Japani: kilikuwa kiini cha ufalme wa Ryukyu, uliounganishwa mwaka 1429, wenye mfalme wake, lugha yake na ngome yake kubwa katika mji wa Shuri. Ufalme huo mdogo uliishi kwa biashara. Meli zake zilikwenda China, Korea, Japani na Siam, ambayo leo tunaiita Thailand, mpaka Malaka. Tangu mwaka 1372 watawala wa kisiwa walikuwa wakipeleka zawadi za utii kwa mfalme mkuu wa China, na kwa njia hiyo wakapata ruhusa ya kufanya biashara naye. Familia za Kichina zilikuja kukaa katika kijiji cha Kume, karibu na bandari ya Naha, na vijana wa Ryukyu walitumwa China kusoma.

Hapo ndipo mambo mawili yalipokutana. Wenyeji walikuwa na namna yao ya kupigana waliyoiita ti, yaani mkono. Kutoka China, hasa kutoka jimbo la Fujian na mji wake wa Fuzhou, wafanyabiashara, wajumbe na wanafunzi walirudi na mbinu nyingine za ngumi, za kupumua na za kusimama. Mchanganyiko huo ukaitwa tode, maana yake mkono wa China. Msomaji alikumbuke jina hilo, kwa sababu litabadilishwa baadaye, na si bila sababu.

Sasa tuje kwenye silaha. Mfalme Sho Shin, aliyetawala toka mwaka 1477 hadi 1526, aliwahamisha machifu wa maeneo waje kukaa karibu naye Shuri, ili wasimchezee huko vijijini kwao. Katika maandishi ya mawe ya mwaka 1509 yanayosifu utawala wake, panatajwa panga na pinde zilizokusanywa. Kwa muda mrefu watu walisoma maneno hayo kama amri ya kukataza silaha. Wanahistoria wengine wanayasoma kinyume: mfalme alizikusanya katika ghala lake ili zilinde nchi. Mimi naona maelezo haya ya pili yana nguvu zaidi, kwa sababu miaka 100 baadaye Ryukyu ilikuwa bado na askari wenye silaha. Tunalijua hilo kwa sababu walipigana, na walishindwa.

Mwaka 1609, ukoo wa Satsuma kutoka kusini mwa Japani ulituma wanajeshi wapatao 3,000. Walikuwa watu waliokomaa katika vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Japani, na walikuwa na bunduki nyingi za baruti. Kwa muda wa mwezi mmoja hivi walivuka kisiwa baada ya kisiwa mpaka Shuri. Mfalme Sho Nei alijisalimisha, akapelekwa Japani, na hakurudi nyumbani mpaka mwaka 1611, baada ya kula kiapo cha utii.

Ndugu msomaji, tusimame hapa kidogo. Kisiwa kilichotuletea karate, chenye watu waliojua ngumi na panga vilevile, kilivamiwa na watu wenye bunduki, na kikaanguka ndani ya mwezi mmoja. Hakuna mwalimu aliyeruka hewani na kuwapokonya Satsuma bunduki zao. Kijana anayepiga simu redioni angepaswa kusimuliwa kisa hiki kabla ya kile cha wakulima.

Baada ya hapo Satsuma waliuacha ufalme usimame kwa jina, mfalme akabaki kwenye kiti chake, na biashara na China ikaendelea, kwa sababu Satsuma wenyewe walikula humo. Bunduki zilikatazwa. Watu wenye vyeo waliendelea kuwa na panga zao. Na hao wenye vyeo ndio waliojifunza tode. Mkulima wa Okinawa alikuwa shambani toka asubuhi, analipa kodi kwa mfalme, na kodi nyingine juu yake kwa Satsuma. Muda wa kufundishwa miaka kumi na mwalimu wa jumba la kifalme angeutoa wapi?

Mfano mzuri ni Matsumura Sokon, ambaye shule nyingi za karate za leo zinarudi kwake. Alikuwa mlinzi wa wafalme wa mwisho wa Ryukyu katika karne ya 19. Alijifunza pia kupigana kwa upanga kwa namna ya Satsuma, yaani kwa mabwana wenyewe. Huyu hakuwa mnyonge asiye na silaha. Alikuwa afisa mwenye upanga ambaye alijua pia kutumia mikono yake. Kwa nini afisa wa namna hiyo ahitaji mikono mitupu? Kwa akili ya kawaida jibu si gumu. Mlevi akileta fujo bandarini, mgeni wa mfalme akikasirika ndani ya jumba, huwezi kumkata mtu kwa upanga kwa jambo dogo. Unahitaji kumzuia, kumtoa nje, na kesho yake asiwe maiti. Mkono mtupu ulikuwa chombo cha mahali ambapo silaha ni kubwa kuliko tatizo.

Mwaka 1879 serikali mpya ya Japani iliufuta ufalme. Mfalme wa mwisho, Sho Tai, alipelekwa Tokyo, Ryukyu ikawa jimbo la Okinawa, na mamia ya maofisa, waandishi na walinzi wakajikuta bila kazi. Wengine waliingia vijijini kulima. Nadhani hapo ndipo hadithi ya wakulima ilipopata mguu wa kusimamia: mtu aliyekuwa anajua tode sasa ana jembe mkononi, na mjukuu wake anasimulia kwamba babu alikuwa mkulima.

Mmoja wa maofisa hao alikuwa Itosu Anko, aliyezaliwa mwaka 1831 na kufanya kazi ya uandishi katika serikali ya mfalme. Yeye ndiye aliyegeuza kila kitu. Kabla yake, mwalimu alikuwa na wanafunzi wawili au watatu, wakifundishwa nyuma ya ua, usiku, bila kutangaza. Mwaka 1901 Itosu akaanza kuingiza sanaa hii katika shule ya msingi ya Shuri. Mwaka 1908 akaandikia wakubwa wa elimu barua yenye vipengele kumi akitetea ifundishwe mashuleni kote. Ndani yake anaeleza kwamba haikukusudiwa kwa pambano na mtu mmoja mliyeahidiana kupigana, bali kwa kuepuka kuumizwa pale mhalifu anapokuvamia. Anaongeza kwamba inajenga mwili, kwamba haiji kwa haraka, na kwamba vijana walioimarishwa hivyo watalifaa jeshi. Alimtaja hata Wellington, yule jenerali Mwingereza aliyemshinda Napoleon, kama shahidi wa faida za michezo ya shule. Mzee wa Shuri anatumia jina la jenerali wa Ulaya ili wakubwa wa elimu wakubali: kila aliyewahi kuandika mradi wa kuombea fedha ataelewa ujanja huo.

Ili kufundisha watoto wengi kwa pamoja, Itosu aliwapanga mistari, wakasogea kwa hesabu. Wale watoto wa Bukavu wanaohesabu ichi, ni, san wanafuata mpango uliokuwa wa darasa la shule, si wa uwanja wa vita. Alitunga pia kata tano za wanaoanza, akaziita Pinan, jina lenye maana ya amani na utulivu. (Kata hapa si ile ya chefu wa mtaa. Ni mpangilio wa hatua, mapigo na vizuizi ambao mwanafunzi anaufanya peke yake, kama mtu anayekariri.) Mbinu za kuvunja viungo na kugusa sehemu za hatari hazikufundishwa watoto waziwazi. Zilibaki zimefichwa ndani ya kata, zikimngoja mtu mzima aulize.

Kati ya wanafunzi wa Itosu alikuwepo mwalimu wa shule ya msingi, Funakoshi Gichin. Wajapani hutanguliza jina la ukoo, kwa hiyo Gichin ndilo jina lake yeye. Alizaliwa Shuri mwaka 1868, akiwa mtoto dhaifu wa afya, na karate ilimpa mwili ambao hakuzaliwa nao. Mwaka 1922 alitumwa Tokyo kuonyesha sanaa ya kwao katika maonyesho ya michezo yaliyoandaliwa na Wizara ya Elimu. Alikuwa na miaka zaidi ya 50. Kano Jigoro, muasisi wa judo, akamwalika aonyeshe katika shule yake, na Funakoshi akabaki Tokyo. Mke na watoto walikuwa mbali, fedha hakuna. Alilala katika chumba kidogo cha bweni la wanafunzi kutoka Okinawa, na mchana alifagia, akafanya kazi ya mlinzi na ya bustani. Jioni anafundisha karate.

Vitu vingi tunavyodhani ni vya kale katika karate vinatoka miaka hiyo. Kimono nyeupe na mikanda vilichukuliwa kwa Kano, kutoka judo. Mikanda myeusi ya kwanza ya Funakoshi ilitolewa mwaka 1924. Kwa hiyo anayekuambia kwamba mkanda wake una siri za miaka elfu, mwambie polepole kwamba hata miaka mia moja na kumi haujafika.

Tukarudi kwenye jina. Katika miaka ya 1930 Japani ilikuwa inaingia vitani na China, na kitu kinachoitwa mkono wa China kisingependwa Tokyo. Kwa bahati, katika Kijapani sauti kara inaweza kuandikwa kwa alama ya China au kwa alama nyingine yenye maana ya utupu. Mwalimu mmoja wa Okinawa, Hanashiro Chomo, alikuwa ameshatumia alama ya utupu tangu mwaka 1905. Funakoshi akaichukua, na tarehe 25 Oktoba 1936 walimu wakubwa walikutana Naha wakakubaliana nayo. Karate ikawa mkono mtupu: mkono usio na silaha, na, kwa maelezo ya Funakoshi, moyo usio na nia mbaya. Siasa ilisukuma badiliko hilo, lakini maana iliyopatikana ni nzuri kuliko ile ya kwanza. Tukumbushe kwamba tangu mwaka 2005 Okinawa inaadhimisha tarehe hiyo kama siku ya karate.

Kisha vita vikaja kisiwani kwenyewe. Toka Aprili hadi Juni 1945 Wamarekani na Wajapani walipigana Okinawa kwa mizinga, ndege na moto, na raia wa kisiwa walikufa kwa maelfu mengi, mapangoni, barabarani, wengine wakilazimishwa kujiua. Jumba la Shuri likabomolewa. Shinzato Jin'an, mwanafunzi ambaye mwalimu Miyagi Chojun alimtazamia amrithi, aliuawa. Kyan Chotoku, mwalimu mwingine mkubwa, alifariki mwaka huohuo katika dhiki iliyofuata mapigano. Huko Tokyo mabomu yaliteketeza Shotokan, ukumbi wa Funakoshi. Mara ya pili, nchi ya karate ilikuwa mbele ya silaha za moto, na mara ya pili karate haikuzuia chochote. Walimu waliobaki walilijua hilo kuliko sisi, na bado walirudi kufundisha. Kwa hiyo lazima waliona ndani yake faida nyingine.

Wanajeshi wa Marekani waliowekwa Okinawa baada ya vita walijiunga na walimu haohao, wakaipeleka karate kwao. Wajapani waliipeleka Ulaya. Mashindano ya kwanza ya dunia yalifanyika Tokyo mwaka 1970. Kwetu Afrika, vyumba vya video vilifanya kazi kubwa kuliko shirikisho lolote, ingawa Bruce Lee, ambaye vijana wengi walimwiga, alitoka katika kung fu ya Wachina. Mwaka 2021 karate iliingia kwa mara ya kwanza katika Michezo ya Olimpiki, Tokyo, na Kiyuna Ryo, mtoto wa Okinawa, akachukua dhahabu ya kata. Mmisri Feryal Abdelaziz alichukua dhahabu ya kupigana, mwanamke wa kwanza wa Misri kupata dhahabu ya Olimpiki. Paris mwaka 2024 karate haikuwemo tena.

Basi inafaa nini? Nianze na mambo madogo, kwa sababu ndiyo yanayotukuta kila siku. Mtu anakushika mkono sokoni anataka simu. Mlevi anakusukuma. Mwanaume anamvuta msichana mahali pasipo na taa. Hapo karate ina majibu ya kweli. Mshiko wa mkono una mlango wake: ni pale kidole gumba kinapokutana na vidole vingine, na ukizungusha mkono kuelekea huko kwa nguvu ya kiuno, hata mtu mwembamba hutoka. Mwanafunzi aliyerudia hatua hiyo mara elfu hahitaji kuifikiri, na wakati wa hofu akili hufikiri polepole sana. Anajifunza kukaa mbali kidogo kuliko urefu wa mkono wa mwingine. Anajifunza kutoganda anaposhtuliwa. Na ile sauti wanayoitoa pamoja na pigo inalazimisha pumzi itoke, inamshtua mvamizi, na inaita majirani.

Si kubahatisha. Huko Canada, mafunzo ya saa 12 yalijaribiwa kwa wasichana karibu 900 wa vyuo vikuu vitatu, na matokeo yalitangazwa mwaka 2015. Sehemu ya kujitetea kwa mwili ilitoka katika Wen-Do, somo la wanawake lililozaliwa Toronto likiwa na mizizi katika karate na sanaa nyinginezo. Ndani ya mwaka mmoja, waliobakwa kati ya waliopata mafunzo walikuwa kama 5 kwa kila 100. Kati ya wasiopata walikuwa karibu 10. Lakini angalia: saa nyingi za mafunzo hayo hazikuwa ngumi. Zilikuwa za kutambua hatari mapema, hasa kwa mtu unayemfahamu, na kuondoa ile aibu inayomzuia msichana kusema hapana kwa sauti. Na hatari iliyochunguzwa pale haikuwa ya watu wenye bunduki. Mama zetu wanaokutana na wenye silaha njiani kwenda shambani wana tatizo lingine, na atakayewaambia kwamba karate italimaliza anawadanganya.

Mbele ya panga au bunduki, faida iliyobaki ni utulivu. Mtu aliyezoea kupumua akiwa na hofu anaweza kutoa simu bila kutetemeka, bila kumtazama jambazi kwa dharau, na akaona njia ya kutokea ikifunguka. Funakoshi mwenyewe alieleza kisa cha namna hiyo. Akiwa bado Okinawa, usiku mmoja alisimamishwa njiani na watu wawili waliotaka kumwibia. Alikuwa mwalimu wa karate mwenye uwezo. Aliwapa keki alizokuwa amebeba kwa ajili ya altare ya mababu, akaenda zake. Mwalimu wake Itosu alimsifu kwa hilo.

Kisa kingine ni cha baada ya vita, akiwa na umri wa karibu miaka 80. Mtu alimvamia usiku mjini Tokyo. Mzee akainama chini ya pigo, akamshika sehemu za siri, na kumkabidhi kwa polisi. Mvamizi alikuwa askari aliyerudi kutoka vitani, hana kazi. Funakoshi hakujisifu. Alisema aliona aibu, kwa sababu alitumia mbinu aliyowakataza vijana. Ninavyoona mimi, visa hivi viwili vinaeleza karate kuliko mbao na matofali yanayovunjwa siku za maonyesho. Keki zilitosha, akazitoa. Siku ambayo hazikutosha, mwili wa mzee ulikumbuka.

Wazazi wanaoogopa ugomvi hawakosei kabisa. Kule Kinshasa wanawajua pomba, vijana wenye misuli kutoka vilabu vya michezo, ambao baadhi yao walikodishwa kwa fujo za siasa. Mwalimu asiyefundisha kujizuia anatengeneza mkono wa kukodisha. Ndiyo maana kabla ya kumwandikisha mtoto, kaa pembeni uangalie masomo mawili, hata matatu. Tazama anayeumia anafanywa nini. Tazama wakubwa wanavyopigana na wadogo. Muulize mwalimu, mbele ya wanafunzi wake, wafanye nini mtu akiwaelekezea bunduki. Akianza kuonyesha namna ya kuinyakua, asante, rudi na mtoto wako nyumbani. Akisema mpe anachotaka, uende, au kimbia ukiweza, huyo amesoma historia hata kama hajui mwaka 1609 ni nini.

Kwa msichana, uliza pia kama kuna wasichana wengine, na kama masomo yanaisha kabla ya giza. Kimono si lazima miezi ya kwanza; suruali ya michezo na fulana vinatosha. Kucha zikatwe, pete na hereni zibaki nyumbani. Mwenye pumu au ugonjwa wa moyo apite kwanza kwa daktari. Miezi mitatu ya mwanzo mtoto atalalamika kwamba hafundishwi kupigana, anasimamishwa tu magoti yakiwa yamekunjwa mpaka mapaja yanawaka moto. Mwacheni alalamike. Itosu aliandika kwamba jambo hili haliji haraka, na watoto wa Shuri nao walisimamishwa hivyohivyo.